Tangi la samaki nyumbani: Nani akae na nani?



Juma hili tunajibu barua ya mama mmoja wa Iringa aliyetuomba tusimtaje jina. Anaeleza kwamba familia yake ilirejea kutoka pwani baada ya likizo, na watoto wakawa hawana maneno mengine ila samaki wa baharini waliowaona ndani ya kioo. Mumewe akanunua tangi la lita 90, chumvi maalumu ya bahari, na samaki saba kwa mpigo: wawili wa michirizi kama yule wa filamu ya watoto ya mwaka 2003, kangaja mmoja, kikande mmoja, kitatange mmoja, na wadogo wawili wa rangi ya samawati. Maji yalikuwa yamekaa tangini siku mbili tu. Muuzaji aliwahakikishia kwamba samaki hao wanapatana, kwa kuwa dukani walikuwa wakikaa pamoja. Katika siku tisa wakafa watano. Wamebaki kikande na mmoja wa wale wa samawati, naye amejificha nyuma ya jiwe wala hatoki.

Anauliza mambo mawili. La kwanza, wanunue samaki gani wengine ambao hawatauana? La pili, na hili ndilo lililotufanya tuitangulize barua yake mbele ya nyingine, mwanawe wa miaka tisa, ambaye ndiye aliyepewa kazi ya kuwalisha, anauliza kila usiku kama yeye ndiye aliyewaua, na kama ataulizwa juu yao. Mama amjibu nini?

Tutaanza na samaki, kwa sababu jibu la mtoto limo ndani ya jibu la samaki.

AMANI YA STENDI

Kauli kwamba samaki wanapatana kwa kuwa wanakaa pamoja dukani imewagharimu watu wengi, nasi hatuoni kwamba lazima iwe imesemwa kwa nia mbaya. Samaki aliye dukani yupo safarini. Hana jiwe lake, hana pango lake, hana mipaka ya kuilinda, na kila siku majirani zake hubadilika. Amani yake ni amani ya abiria walioketi stendi: hakuna anayegombea benchi kwa sababu kila mmoja anangoja basi lake. Mpeleke nyumbani, mwache siku tatu au nne achague kona yake, ndipo tabia yake ya asili itakapodhihiri.

Katika miamba ya matumbawe, samaki aliyeshindwa hukimbia akaenda mbali. Ndani ya kioo cha lita 90 hakuna mbali. Anayefukuzwa hufukuzwa asubuhi, mchana na jioni, haachiwi kula wala kupumzika, hata akadhoofika na kushikwa na maradhi. Watu husema amekufa kwa ugonjwa, na ni kweli, lakini ugonjwa huo ulifunguliwa mlango na jirani yake.

Tuwatazame basi wale saba, mmoja mmoja.

Kikande ana meno yaliyoumbwa kuvunja kombe, kaa na vichokoo. Akiwa mdogo hupendeza, akikua huuma vyote vilivyo mbele yake, hata nyaya za hita na mkono wa mwenye nyumba. Huyu hafai kuwekwa na samaki wadogo hata kidogo. Kangaja ni muogeleaji wa masafa, ambaye baharini hutembea mchana kutwa akila mwani. Tangi la lita 90 kwake ni sawa na chumba cha mahabusu. Kitatange hana ugomvi mkubwa, lakini aina nyingi za jamii yake hula nyama laini ya matumbawe yaliyo hai na hukataa chakula cha kopo. Huyu hufa kwa njaa huku chakula kikielea mbele yake. Wale wadogo wa samawati ni wagumu wa kuhimili maji mabovu na bei yake huwa ndogo, ndiyo maana wanaoanza husukumiwa hao. Lakini ukubwa wa hasira zao haulingani na ukubwa wa miili yao. Wale wa michirizi ndio pekee kati ya saba waliostahiki kuwa katika tangi la mwanafunzi.

Hata hivyo, hata kama wote saba wangekuwa wapole, bado wangekufa. Hapo tunafika kwenye sababu ya pili.

MAJI MAPYA NI MAJI YENYE SUMU

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake na kinyesi chake, na mabaki ya chakula yakioza huongeza amonia hiyo hiyo. Amonia ni sumu. Katika bahari na maziwa, bakteria wasioonekana kwa macho huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo haina ukali mkubwa na huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Bakteria hawa huishi juu ya mawe, mchanga na ndani ya chujio. Katika tangi jipya hawapo. Huchukua majuma manne hadi sita kuzaliana kiasi cha kutosha.

Kwa hiyo tangi huandaliwa bila samaki. Weka maji, mawe, mchanga, pampu na hita, tia kipande kimoja cha kamba mbichi kioze humo ili kiwalishe bakteria, kisha subiri. Pima amonia na naitraiti kwa vile vipimo vya matone vinavyouzwa pamoja na vifaa vya samaki. Vitapanda, kisha vitashuka. Vyote viwili vikifika sifuri na kubaki hapo, ndipo aingie samaki wa kwanza. Familia yetu ya Iringa ilisubiri siku mbili. Samaki saba katika maji ya siku mbili, wakilishwa kila siku, ni hesabu ambayo hakuna mtoto wa miaka tisa angeweza kuisawazisha.

KUWEKA BAHARI JUU YA MLIMA

Msomaji wa Nyanda za Juu Kusini anapaswa kujua mambo ambayo vitabu vya watu wa pwani havitamwambia.

Kwanza ni hewa. Iringa ipo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Mbeya takriban mita 1,700. Mgandamizo wa hewa kwetu ni mdogo, na maji hunyonya oksijeni kidogo. Kwa joto la nyuzi 25, lita moja ya maji baridi huko pwani hubeba takriban miligramu 8 za oksijeni. Maji ya chumvi, kwa kuwa chumvi hupunguza nafasi ya hewa, hubeba takriban miligramu 6.7. Maji hayo hayo ya chumvi yakiwa Mbeya hubeba takriban 5.5. Maana yake ni kwamba idadi ya samaki iliyo sahihi Tanga au Unguja ni kubwa mno kwetu. Punguza idadi, na hakikisha pampu inautikisa uso wa maji usiku na mchana, maana oksijeni huingia kwa kupitia uso huo.

Pili ni baridi. Samaki wa matumbawe huhitaji nyuzi 24 hadi 27. Usiku wa Juni na Julai, sebule ya Mbeya isiyo na moto haikaribii hapo. Hita si pambo, ni uhai. Umeme ukikatika, funika tangi kwa blanketi pande zote isipokuwa juu, acha kulisha mpaka umeme urudi, na uwe na pampu ndogo ya betri. Asiye na uwezo wa kununua pampu hiyo ya akiba, tunamshauri asinunue samaki wa bahari.

Tatu ni chumvi. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita. Tangi la lita 200 linataka kilo 7, na kila ukibadilisha sehemu moja ya kumi ya maji unahitaji gramu 700 nyingine. Chumvi ya jikoni haifai, kwa sababu haina kalsiamu, magnesiamu na madini mengine yaliyomo baharini. Tena maji yanapopungua kwa kukauka, chumvi haiondoki. Hubaki ikazidi ukali. Hivyo kilichokauka hujazwa kwa maji yasiyo na chumvi. Wengi hujaza kwa maji ya chumvi wakidhani wanatenda wema, na samaki hudhoofika taratibu.

Nne ni safari. Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni takriban kilomita 500, na hadi Mbeya ni zaidi ya 800. Samaki hukaa ndani ya mfuko zaidi ya saa kumi akipumua maji yake mwenyewe. Akifika, elezesha mfuko tangini kwa robo saa ukiwa umefungwa ili joto lilingane. Ukishaufungua usiuache wazi kwa muda mrefu, kwa kuwa hewa mpya huifanya amonia iliyomo iwe kali zaidi. Ongeza maji ya tangi kidogo kidogo, kisha mhamishe samaki kwa kiwavu, na maji ya mfuko uyamwage nje.

WATATU AU WANNE WANAOPATANA

Baada ya hayo yote, kama familia bado ina azma na uwezo, tunashauri tangi la lita 200 au zaidi. Maji mengi hayabadiliki haraka, na mwenye kujifunza hupata muda wa kurekebisha. Kumbuka kuwa lita 200 ni kilo 200 na zaidi, mbali na mawe na kioo. Meza ya televisheni haitahimili.

Wa kwanza kuingia awe ndiye mwoga kuliko wote. Yupo samaki mwembamba mweupe, nusu ya nyuma nyekundu, mwenye unyoya mrefu mgongoni, ambaye wataalamu humwita Nemateleotris magnifica. Anapatikana kuanzia Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki. Ni mpole, hula chembe zinazopita majini, na hujificha shimoni akishtuka. Mweke mmoja tu, kwa kuwa wawili wasio dume na jike hupigana. Na funika tangi kwa wavu, maana huruka, na asubuhi utamkuta sakafuni.

Wa pili awe mmoja wa wale samaki wadogo wa chini, wanaokaa mchangani au juu ya jiwe na kukwangua mwani. Huyu na wa kwanza hawagombanii mahali, kwa kuwa mmoja huishi juu ya mchanga na mwingine huelea juu yake. Hiyo ndiyo kanuni ya kupatanisha: wape samaki wako kazi tofauti na nyumba tofauti, na usiweke wawili wa jamii mbalimbali wanaofanana umbo, rangi na chakula.

Wa mwisho waingie wawili wa michirizi, wa aina moja. Hawa wana tabia ya ajabu katika maumbile yao. Kila mmoja huanza akiwa dume au bila kukomaa, na aliye mkubwa kuliko wote hugeuka kuwa jike. Kwa hiyo nunua wawili wachanga, mmoja mkubwa kidogo kuliko mwenzake, nao watapanga wenyewe. Ukiweka wawili wakubwa waliokwisha kukomaa kila mmoja kwake, wanaweza kuuana. Yule wa filamu, Amphiprion ocellaris, si wa bahari yetu. Kwao ni mashariki ya mbali. Sisi tuna wetu, akiwemo Amphiprion allardi mweusi mwenye mistari miwili myeupe, na Amphiprion akallopisos mwenye mstari mmoja mgongoni. Lakini kwa anayeanza, aliyezaliwa ndani ya matangi ni bora kuliko aliyevuliwa, wa aina yoyote awe, kwa kuwa amezoea kioo na chakula cha kopo, na hakuondolewa mwambani. Wala wasikudanganye kwamba hawezi kuishi bila kile kiumbe chenye vikono vinavyowasha ambacho hukaa ndani yake baharini. Anaweza. Kiumbe hicho ndicho kigumu kukitunza.

Kati ya kila aingiaye na afuataye, acha majuma matatu au manne, upime maji, na uone kama waliotangulia wanakula. Wapole hutangulia na wenye nguvu hufuata, kwa sababu aliyetangulia hujiona mwenye nyumba.

Wasioingia kabisa katika tangi la mwanafunzi ni kikande, chewa, mkunga na bunju, kwa kuwa huwala au huwauma wenzao, kangaja na jamii yake mpaka pawe na tangi kubwa sana, kitatange, na yule mdogo mwembamba mwenye mstari mweusi ambaye baharini huwasafisha wenzake wadudu mwilini. Huyu wa mwisho wengi humnunua wakidhani ataponya wengine, kumbe chakula chake kikubwa ni wadudu hao, na tangi lenye samaki wanne halimtoshi kwa kula.

Dukani, usiulize tu kama samaki ni mzima. Omba alishwe mbele yako. Asiyekula mbele yako usimchukue. Tazama pia pumzi zake: anayehema haraka, au mwenye chembe nyeupe mwilini kama chumvi, mwache, na hata wenzake waliomo tangi moja naye waache.

ZIWA LILILO JIRANI YETU

Tunajua kwamba wengi wakisoma hesabu hizi watasema mambo haya ni ya wenye nacho. Kwa hiyo tuna pendekezo ambalo pengine ni bora kwa familia nyingi za mikoa yetu.

Mwendo wa saa chache kutoka Mbeya mjini, ukishuka Tukuyu na Kyela, lipo Ziwa Nyasa. Kina chake hufikia takriban mita 700, na ndani yake mna mamia ya aina za samaki ambao hawapatikani popote pengine duniani. Wale wakaao kwenye miamba huitwa mbuna, na jina hilo, lililotoka vinywani mwa wavuvi wa ziwa hili, limeenea kwa wafugaji wa samaki wa Ulaya na Marekani. Wapo wa buluu, wa manjano, wa zambarau, wenye mistari na wasio nayo. Rangi zao hazishindwi na za matumbawe. Watu huagiza kwa ndege kile ambacho sisi tunakipita tukienda Matema.

Mbuna hawahitaji chumvi ya kununua. Huhitaji maji yenye chokaa na nyuzi 24 hadi 27. Maji ya vijito vya milimani mara nyingi hayana chokaa ya kutosha, na dawa yake ni kutia mawe ya chokaa au vipande vya kombe tangini. Hula mwani unaoota juu ya mawe, hivyo chakula chao kiwe cha majani. Hata mchicha uliochovywa katika maji ya moto hufaa. Ukiwapa nyama kwa wingi matumbo huvimba nao hufa.

Lakini tusiseme nusu ya habari. Mbuna ni wagomvi. Kupatana kwao kuna masharti yake, nayo ni haya: tangi lisipungue lita 200, mawe yapangwe mpaka karibu na juu, yenye mapango mengi, na kipande cha chungu cha udongo kisichopakwa rangi hufaa, kila dume awe na majike watatu au zaidi ili asimwandame mmoja, madume wa rangi zinazofanana wasiwekwe pamoja, na wasichanganywe na samaki wa mchangani wa ziwa hilo hilo, ambao ni wapole, wala na samaki wa nchi nyingine. Jambo la kushangaza ni kwamba mbuna wachache sana hugombana zaidi kuliko wengi kidogo, kwa sababu ghadhabu ya dume hugawanyika.

Thawabu ya uvumilivu huo ni kubwa. Jike wa mbuna hutia mayai kinywani mwake na kuyahifadhi humo takriban majuma matatu, hali kinywa kimejaa wala hali chakula, mpaka watoto watoke wakiogelea. Mtoto atakayemwona mama huyo ametuna shavu na kukataa chakula kwa ajili ya wanawe, hatahitaji mhadhara mrefu juu ya haki ya mzazi.

Tahadhari moja. Samaki yeyote wa tangi, wa bahari au wa ziwa, asitupwe mtoni. Sangara aliyeingizwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 alichangia kupotea kwa aina nyingi mno za furu. Tangi ni dogo, lakini mto huenda mbali. Na kabla ya kuvua mwenyewe samaki wa mapambo, baharini au ziwani, fika kwanza ofisi ya uvuvi ya wilaya upate maelekezo ya sheria.

JIBU LA MTOTO

Sasa tumrudie mwana wetu wa Iringa.

Katika Sahihi za Bukhari na Muslim kimepokewa kisa cha Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas bin Malik (r.a.). Mtoto huyu alikuwa na kindege akicheza nacho, na kikafa. Mtume (s.a.w.) alipofika nyumbani kwao akamkuta ana huzuni, alimwita kwa jina lake, akamuuliza habari za kindege chake kwa maneno ya upole yenye mizani ya kumfurahisha. Hakumlaumu. Hakumwambia kwamba ni kindege tu. Aliiona huzuni ya mtoto kuwa jambo linalostahiki kusimamiwa. Wanazuoni wametoa katika kisa hiki kwamba inajuzu mtoto kufuga kiumbe cha kumburudisha, maadamu hakiteswi.

Upande wa pili wapo pia wa kukumbukwa: yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Kosa lake halikuwa kumiliki paka. Lilikuwa kumzuia kiumbe riziki yake kisha kutompa. Kila aliyemtia samaki ndani ya kioo amemzuia asijitafutie maji safi, pango na chakula. Basi vyote vitatu vimekuwa deni juu ya aliyemtia.

Deni hilo ni la nani? Kalamu haimwandikii mtoto mpaka abaleghe. Kwa hiyo, dada yetu, mwambie mwanao waziwazi: hukuwaua. Ulipewa chakula ukalisha, kama ulivyoagizwa. Waliowekwa pamoja hawakuwa wa kuwekwa pamoja, na maji hayakuwa tayari, na hayo yalikuwa ya wakubwa kuyajua. Mwambie maneno hayo na baba yake akiwepo, na baba naye ayaseme kwa kinywa chake. Tunajua ni uzito kwa mzazi kusema hivyo mbele ya mtoto. Lakini ukinyamaza ili kuhifadhi heshima yako, mtoto ataubeba mzigo usio wake, na atajifunza kwamba wakubwa wakikosea hulipa wadogo. Aliyefanya bila kujua, kisha akajua na kurekebisha, hana la kujificha. Kwa hukumu za undani, muulizeni sheikh wa msikiti wenu.

Kisha kuna wawili waliobaki. Wanahitaji hatua leo, kabla ya kununua wengine. Pimeni amonia, badilisheni robo ya maji kwa maji yenye chumvi na joto lile lile, mpunguze chakula kiwe kidogo mara moja kwa siku. Watenganisheni kwa wavu wa plastiki ili yule wa samawati apate kula. Kikande msimtafutie wenzake. Mtafutieni mwenye tangi kubwa, au mrudisheni kwa muuzaji. Msimpeleke Ruaha, maana maji baridi yatamuua kwa mateso, wala msimrudishe baharini, maana huenda amebeba maradhi kwenda kwa walio salama. Kazi hii mfanyeni pamoja na mtoto. Mpeni daftari aandike vipimo vya kila juma. Daftari hilo litamfaa kuliko maneno yetu, kwa sababu ataona kwa mwandiko wake mwenyewe tarakimu za sumu zikishuka hadi sifuri.

Na kwa wasomaji wengine wanaofikiria tangi, tunaacha maswali matano ya kujibiwa na familia nzima kabla hela haijatoka mfukoni. Nani atabadilisha maji kila juma wakati watoto wapo bwenini? Umeme ukikatika usiku kucha mwezi wa Julai, tutafanya nini? Maji ya bomba yakiwa ya mgawo, je, tangi litachukua yale ya udhu na ya kupikia? Kila samaki tunayemtaka atakuwa na ukubwa gani akikomaa, na hula nini? Na je, tunaweza kuliangalia tangi tupu kwa majuma sita bila kutia samaki hata mmoja?

Familia itakayoshindwa na swali la mwisho ingoje kwanza. Kungoja huko hakuna gharama, na hakuna kiumbe kitakachokufa kwa sababu yake.

Wabillahi tawfiq.